Mavazi Yetu ya Kazi Twayashona Wenyewe

Huku Naviundu twaulizwa mara nyingi neno moja. Watu wapitao njiani waona mama wazima, wenye wajukuu na miwani, wamekaa chini ya mwembe Jumamosi alasiri. Mmoja akata kitambaa, mwingine akanyaga mashini, wa tatu atafuta sindano iliyoanguka mchangani. Nao huuliza: "Mama hawa wana nini? Je, mafundi wa kushona wamekwisha mjini?" Tumeona yafaa tuwajibu hapa kwa maandiko, ili jibu letu liwafikie na wale wasiothubutu kuuliza.

Sisi ni walimu wa shule ya msingi. Tuko wanne, mdogo wetu ana miaka 51, na mkubwa wetu amepita 60. Kabla ya kutimiza miaka 50 hakuna hata mmoja wetu aliyejua kushona, isipokuwa kurudishia kifungo kilichokatika na kuziba tundu la soksi. Leo nguo zote tunazovaa darasani zimetoka mikononi mwetu, tangu kola hata pindo.

Naviundu, kwa wale wasiopajua, ni mtaa wa pembeni mwa Lubumbashi, katika komini ya Annexe, tena ni jina la mto. Wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta huko mabaki ya kuyeyushia shaba, wakayapima umri, wakaona kuwa ni ya karne ya 4 hivi baada ya Kristo. Kumbe kazi ya mikono si jambo geni mahali hapa! Mji wetu uko juu, kama mita 1,200 toka usawa wa bahari. Mwezi wa Juni na wa Julai asubuhi ni baridi hata vidole vya watoto havitaki kushika kalamu. Mwezi wa Oktoba jua huchoma kabla ya saa nne. Kiangazi chote vumbi jekundu huingia kila mahali, na darasani lakutana na vumbi jeupe la chaki. Twataja hayo kwa sababu yahusu nguo. Vazi la mwalimu wa huku hupigana na vumbi la rangi mbili.

Wengi hudhani kwamba tumeshika sindano kwa ajili ya umaskini. Hatuwezi kusema neno hilo ni uongo mtupu. Tangu Septemba 2019 wazazi hawalipi tena masomo ya watoto katika shule za msingi za serikali. Ni jambo jema, nasi tumeona kwa macho yetu watoto waliokuwa wakikaa nyumbani wakiingia darasani, hata benchi moja likabeba watoto watano. Lakini katika miji kama wetu, fedha za wazazi ndizo zilizokuwa zikiongeza mshahara wa mwalimu, na siku zilipokatika, kila mwalimu alihesabu upya matumizi ya nyumba yake. Unga hauwezi kupunguzwa. Dawa haziwezi kupunguzwa. Nguo za mama ndizo za kwanza kupunguzwa, kama ilivyo desturi ya nyumba zote.

Hata hivyo, anayetafuta nguo rahisi hana haja ya kujifunza kushona. Na aende sokoni, pale Kenya (Kenya ni komini ya mjini petu, si ile nchi yenye jina hilo), akainame juu ya marundo ya nguo zilizokwisha kuvaliwa Ulaya na Marekani. Ndugu zetu wa Zambia huziita salaula, neno la Kibemba, maana yake ni kuchagua kwa kupekuapekua rundo. Huko mtu aweza kupata blauzi kwa bei isiyotosha hata kununua kitambaa chake. Ukitia katika hesabu uzi, vifungo, zipu, sindano zinazovunjika na makaa ya pasi, nguo uliyoishona mwenyewe yaweza kukugharimu kuliko ya rundo. Tusidanganyane katika hilo. Mtu akikuambia kwamba kushona kutakutajirisha, mwulize kwanza bei ya zipu.

Basi sababu yetu ni nyingine, nayo ni mkono wa kuume.

Mwalimu huinua mkono wa kuume tangu asubuhi hata adhuhuri. Huandika juu kabisa ubaoni ili mtoto wa benchi la mwisho aone, kisha hufuta, kisha huandika tena. Huinama juu ya madawati mafupi yaliyotengenezwa kwa kipimo cha watoto wa miaka saba. Huchuchumaa kumfunga mtoto kamba ya kiatu. Huketi, husimama, hupanda jukwaa la ubao na kushuka. Kwa miaka mingi blauzi zetu zilikuwa zikitubana kwapani. Mkono ukipanda, nguo yote hupanda nayo, na pindo la nyuma hutoka katika kikwembe mbele ya watoto hamsini. Ndipo mama huandika kwa mkono mmoja na kushikilia blauzi kwa mkono wa pili. Kila mwalimu wa kike anayesoma habari hii ajua tunalolisema. Twazoea kulifanya hata hatulioni tena, na wanafunzi wa kike hutuiga wanapocheza shule: mmoja huwa "Madamu", huandika hewani, na mkono wake wa kushoto huvuta blauzi chini.

Fundi aliyeshona blauzi hizo hakuwa mbaya. Lakini fundi hutupima tumesimama wima, mikono imeshuka, kama askari mbele ya bendera. Kwa kipimo hicho nguo hukaa vizuri sana, nayo yafaa kwa arusi na kwa kupigwa picha. Kazi yetu haifanywi mikono imeshuka. Fundi aujua mwili wa mteja wake. Kazi ya mteja haijui, wala hapana wa kumlaumu, maana hajawahi kusimama mbele ya ubao.

Tena mwili wenyewe hubadilika, nalo ni neno ambalo mama hawapendi kulitaja. Baada ya miaka 50 kiuno huongezeka, mabega huja mbele, na mgongo wa juu huanza kupinda kidogo, hasa kwa mtu aliyeinamia madaftari miaka thelathini. Mgongo ukipinda, kipimo cha nyuma, toka shingoni hata kiunoni, huwa kirefu, na kipimo cha mbele huwa kifupi. Blauzi iliyokatwa kwa kipimo cha ujana hupanda nyuma, na kola husimama mbali na shingo. Twaona nguo haikai, twadhani ni sisi tulioharibika, twanunua nyingine, nayo haikai. Wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri. Twathubutu kuongeza kwamba hata nguo uliyoinunua yaweza kuwa ya kuazima, ikiwa imekatwa kwa mwili ulioachana nawe miaka ishirini iliyopita.

Huenda msomaji atauliza: je, mama zenu hawakuwafundisha kushona? Swali ni zuri, na jibu lake lataka turudi nyuma kidogo.

Mama zetu walijua kushona, tena vizuri. Union Minière, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906, ilianza katika miaka ya 1920 kutaka wafanyakazi wake wakae kambini pamoja na wake na watoto, badala ya kuajiriwa kwa miezi michache na kurudi vijijini. Ndipo vikafunguliwa vituo vya jamii, ambamo masista na mabibi wa Kibelgiji waliwafundisha wake za wafanyakazi kushona, kufuma, kupika, kupiga pasi na kulea watoto wachanga. Mabinti nao walikuwa na shule zao za kushona. Nyumba nyingi za Lubumbashi, iliyoitwa Elisabethville hata mwaka 1966, zilikuwa na mashini moja ya kushona karibu na dirisha, imefunikwa kitambaa kilichotariziwa, na hapana mtoto aliyeruhusiwa kuigusa.

Lakini mafunzo yale yalikuwa na shabaha yake. Mama alifundishwa kushona kaptula ya mtoto, shati la mume, pazia la dirisha, na gauni lake la Jumapili. Nguo ya kazi ilikuwa ya baba, na kampuni ndiyo iliyoitoa. Hakuna aliyewaza kwamba siku moja mama mwenyewe atahitaji nguo ya kwenda kazini, maana kazi ya mama ilihesabiwa kuwa nyumba. Nasi tulipozaliwa, mama hao hao walisema: "Wewe utasoma." Walituona tukisogea karibu na mashini wakatufukuza kwa upendo, wakaturudisha kwenye vitabu. Kwao sindano ilikuwa alama ya mwanamke asiyekwenda shuleni, na chaki ilikuwa alama ya mwanamke aliyefika. Tukapata diploma za ualimu, na hatukujua kukata blauzi.

Kisha nyakati zikageuka. Mwaka 1967 mali ya Union Minière ikawa ya serikali, na baadaye kampuni ikaitwa Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa shaba zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka. Mwaka 1994 ilikuwa kama tani 30,000 tu. Mwaka 2003 wafanyakazi 10,655 walipewa fedha za kuagana na kazi. Wanawake wengi wa Lubumbashi ambao waume zao walikuwa wakileta mshahara na unga wakawa wao wenyewe ndio wa kutafuta chakula, na baadhi yao walirudi kwenye ile mashini ya karibu na dirisha. Wengine walikwisha iuza.

Tukumbuke na habari ya kikwembe, ambacho ndugu zetu wa mashariki hukiita kitenge. Mkubwa wetu alipoanza kufundisha, mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchi iliitwa Zaire, na siasa ya uhalisi iliamuru jinsi watu watakavyovaa. Wanaume walivaa abakosti bila tai. Wanawake walikatazwa suruali na nywele za bandia. Kikwembe ndicho kilichokuwa vazi la mwalimu wa kike, apende asipende. Mwaka 1990 amri zile zililegezwa, lakini sisi tumebaki na kikwembe kwa hiari yetu, na ukweli ni kwamba hatujaona kitambaa kingine kinachovumilia sabuni, jua na vumbi kama pamba ile nzito. Kikwembe huuzwa yadi 6, yaani mita 5 na nusu hivi, nazo hukatwa vipande vitatu vya yadi mbili mbili: kimoja cha kufunga, kimoja cha blauzi, na cha tatu cha kujifunika, cha kumbebea mtoto au cha akiba. Kile cha tatu, wasomaji wetu, ndicho kilichotuanzisha. Kila mmoja wetu alikuwa na sanduku limejaa vipande vya tatu.

Sanduku hilo lina historia yake. Kila mwaka kwa tarehe 8 Machi, sikukuu ya wanawake, huja kikwembe kipya, nacho hununuliwa na kila mama asiyetaka kuonekana peke yake katika maandamano. Tarehe 30 Aprili, sikukuu ya walimu, huenda kikaja kingine. Ongeza vya vyama, vya matanga na vya arusi za ukoo. Huvaliwa siku moja au mbili, hukunjwa, hulala. Mmoja wetu alihesabu vya kwake akakuta kumi na tisa. Ni kitambaa kizuri, kilicholipiwa tayari. Taabu yake ni maandishi na picha: ukikata bila kuangalia, kichwa cha mtu mkubwa hukaa mahali pa kuketia, nayo si heshima kwake wala kwako. Yataka kukitandaza chini chote, kuzunguka mara mbili tatu, na kuamua kwanza neno gani litaangukia wapi.

Mashini tuliipata kwa mjane mmoja aliyehamia kwa mwanawe. Ni ya miguu, nyeusi, yenye maandishi ya dhahabu yaliyofutika, na mkanda wa ngozi unaozungusha gurudumu. Twaipenda kwa sababu haina haja ya umeme. Jioni taa zikizimika mtaani, sisi twasogeza meza mlangoni na kuendelea hata giza liingie. Twapenda na akili iliyomo ndani yake. Sindano ya mkono ina tundu nyuma. Ya mashini ina tundu karibu na ncha. Mmarekani Elias Howe alipewa hati ya mashini yenye sindano ya namna hiyo mwaka 1846, na Isaac Singer alipata ya kwake mwaka 1851. Sindano hushuka na uzi wa juu, ikipanda huacha kitanzi kidogo chini ya kitambaa, kiguu chenye ncha hukidaka kitanzi kile na kukizungusha kwenye uzi wa chini, ule uliomo katika kibobini. Nyuzi mbili zafungana katikati ya kitambaa, na hakuna hata mmoja unaoweza kufumuka peke yake. Tulipoelewa hivyo, tulielewa pia kwa nini mshono hukunjamana: uzi mmoja wavuta kuliko mwenzake. Miaka mingi tulifundisha watoto habari za magurudumu na mikanda kwa kuchora ubaoni; sasa huwaleta waione.

Macho ndiyo yaliyotusumbua. Baada ya miaka 45 hivi macho ya watu wengi hukataa kuona vitu vya karibu, na kutia uzi katika sindano huwa kama kutafuta mlango wa nyumba usiku. Tumejifunza kuweka karatasi nyeupe nyuma ya sindano na kukata uzi kwa mshazari. Kwa kikwembe twatumia sindano namba 14, ambayo Ulaya yaitwa 90, kwa maana unene wake ni milimita 0.9. Ikishindikana, twamwita mjukuu.

Mwalimu wetu alikuwa kijana mmoja mwenye kibanda kando ya barabara, umri wa wana wetu. Sisi humwita Baba Fundi kwa heshima ya kazi yake, naye hutuita Mama Mwalimu, wote wanne kwa jina hilo hilo. Tulipomwomba atufundishe, alinyamaza kitambo, akiangalia kibobini mkononi mwake. Kisha akasema: "Mama zangu, sina neno baya. Lakini mkijua kushona, mimi nitakula nini?"

Hilo ndilo jambo lililotukalia moyoni kuliko yote, wala mpaka leo hatujalimaliza. Walimu wa kike wa mtaa wetu ndio waliokuwa wateja wake wa hakika: blauzi moja mwanzo wa mwaka wa shule, moja kwa Noeli, moja kwa sikukuu ya Machi. Tungewezaje kumwomba atupe ujuzi utakaomnyima chakula? Mmoja wetu alitaka tuache kabisa. Mwingine alisema kwamba sisi nasi hufundisha watoto wa watu kusoma, na kesho watoto hao watachukua nafasi zetu, na hakuna aliyetuambia tufiche alfabeti. Maneno yote mawili yalikuwa na haki.

Mwishowe tulipatana hivi. Tulimlipa kwa kila Jumamosi aliyotufundisha, kwa muda wa miezi saba, kadiri ya blauzi moja kwa juma. Nguo za sikukuu, zenye kamba, maua na mabega yaliyoinuliwa, zimebaki kwake, na kwa kweli hatuziwezi. Naye, alipoona tulivyokata mkono wa nguo kwa ajili ya ubao, alianza kuwakatia walimu wengine hivyo hivyo, na wauguzi, na mama wauzao sokoni, ambao nao huinua mizigo tangu alfajiri. Amepata wateja asiokuwa nao. Je, wamejaza pengo letu? Yeye asema ndiyo. Lakini kijana mwenye adabu hatamwambia mama yake jibu jingine.

Kuhusu mkono wa nguo, na tueleze kidogo, maana mama wengi wametuomba. Kipande cha mkono kina kichwa chake, yaani sehemu ya mviringo inayoingia begani. Kichwa kikiwa kirefu, mkono hukaa laini bila kunjo unaposhuka, lakini haupendi kupanda. Kichwa kikiwa kifupi na mkono ukawa mpana, huwa na makunjo kidogo kwapani, lakini hupanda bila kuvuta nguo yote. Tena watu hudhani kwamba tundu la mkono likikatwa kubwa, likishuka chini ya kwapa, mtu atakuwa huru. Ni kinyume: likishuka sana, mkono ukiinuka huvuta na ubavu mzima. Tundu likae karibu na kwapa, na kichwa kiwe kifupi. Ikihitajika nafasi zaidi, hushonewa chini ya kwapa kipande kidogo cha pembe nne. Baba Fundi hakupenda kichwa kifupi. Alisema ni cha nguo ya kulalia. Tulimwomba ainue mkono kama aandikaye ubaoni, yeye aliyevaa shati la kubana. Alicheka, akachukua mkasi.

Basi sisi hupimana kwa namna yetu. Twapima tumesimama, kisha tumeketi, maana nyonga hupanuka mtu aketipo, na kwa sketi twaongeza sentimita 5 au 6 ili tusilie tukiinama. Twapima nyuma na mbele mbali mbali, bila kuona haya. Karatasi za kukatia twazipata katika mifuko ya simenti iliyokung'utwa na kupanguswa vizuri. Ni imara, na kila mmoja ana ya kwake yenye jina, imetundikwa msumarini. Kitambaa twakifua kabla ya kukikata, kisirudi baada ya kushonwa. Nguo ya kwanza huwa ya shuka kuukuu, hupigwa bandi tu, huvaliwa, na mama husimama mbele ya ukuta akaandika hewani habari ya siku. Hapo ndipo twaona pa kuachia na pa kupunguzia.

Na mifuko! Hatujui ni nani aliyekata shauri kwamba nguo za wanawake zisiwe na mifuko. Sisi twatia miwili mikubwa, mmoja wa chaki na kitambaa cha mkono, mwingine wa funguo na simu, na ndani ya ule wa chaki twatia bitana ngumu ifuliwayo peke yake. Mikono twaikata mirefu ikunjwayo, ishushwe katika baridi ya Juni na kupandishwa katika joto la Oktoba. Rangi za nguo za darasani ni zile zenye michoro midogo ya kahawia na nyeupe, ambamo vumbi zote mbili hukaa bila kusumbua mtu.

Wako waliotucheka. Mume wa mmoja wetu aliuliza kama shule imemgeuza mke wake mshonaji wa gereza, kwa kuona ile mifuko. Mwana wa mwingine, aliyeko Kinshasa, alileta fedha na ujumbe: "Mama, pumzika, nunua nguo." Mama alishukuru, akanunua mkasi mzuri. Watoto wa darasani hawakusema kitu kwa majuma mawili, mpaka msichana mmoja wa darasa la tatu aliposimama na kusema, "Madamu, leo hauvuti." Mwalimu hakuelewa mara moja. Alipoelewa, aliangalia mkono wake wa kushoto, akauona umeshika kitabu.

Lakini swali lililo gumu kuliko yote aliulizwa mkubwa wetu na dada yake wa damu: "Wewe uko karibu kustaafu. Nguo za kazi hizo utazivaa mpaka lini?" Hapa kwetu mwalimu hustaafu kwa shida, wengi hubaki darasani hata umri wa kupumzika umepita, maana wakiacha, hawajui watakula nini. Mkubwa wetu ajua hesabu hiyo. Ajua pia kwamba darasa lake la mwaka huu wamo watoto ambao mama zao walisoma kwake. Hakumjibu dada yake. Mwezi wa Julai, shule zilipofungwa, alitoa kipande cha tatu cha kikwembe cha Machi, akakifua, akakianika, akakata gauni la kuingia nalo Septemba, mkono wenye kichwa kifupi, mifuko miwili. Mshono umekwisha. Vimebaki vifungo tu: ataka sita vyeusi vya matundu manne, na pale Kenya juma lililopita vilikuwapo vitano.